Mama aliuliza mabati, nikamwonyesha kadi mbili!

Wiki iliyopita vijana wawili walinisimamisha pale Double Road, mmoja baada ya mwingine, na wote wakaja na swali lile lile: "Bro, kompyuta yangu ya mezani ina kadi moja ya grafiki. Nikitumbukiza ya pili, si itapaa mara mbili?" Nikacheka, lakini kicheko cha mtu aliyeng'olewa jino. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2023, na jibu lake nililinunua kwa hela ya mabati ya mama yangu. Kaa mkao wa kula, nikupe mkanda mzima.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi naganga njaa kwa kuhariri video. Harusi, send-off, kipaimara, mazishi, vyote napokea. Ofisi yangu ni kichumba kimoja hapa Moshi mjini, kina dirisha moja na feni ya kuning'inia ambayo inazunguka ikijisikia. Mashine ninayo ya kuunga mwenyewe, na ndani yake nilikuwa na kadi moja, GTX 1070 ya mwaka 2016. Mzee wa kazi, hana makuu.

Basi bwana, akaja kijana mmoja wa Shanty Town, anaoa Jumamosi ya wiki inayofuata. Hakutaka ufunguzi wa video wa kawaida, ule wa maua kumwagika na moyo kupiga. Alitaka kamera ianzie migombani, ipande mlima, ipite msituni, itoboe mawingu, halafu pale juu Uhuru, mita 5,895, pete mbili ziteremke taratibu na majina ya maharusi yatokeze kwenye theluji. (Bwana harusi mwenyewe mlima anauona dirishani tu, kama sisi wengine wote tuliozaliwa chini yake.) Akatoa sh. 300,000 ya kuanzia. Nikasema imeisha hiyo.

Nikapiga hesabu. Sekunde 30, kila sekunde fremu 25, jumla fremu 750. Kadi yangu kwenye programu ya Blender ilichukua kama dakika 4 kuchora fremu moja. Hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50 mfululizo, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata mara moja. Mjini Moshi! Nikaona hapa nitaaibika mbele ya ndafu.

Hapo ndipo ibilisi akapita na begi. Wengi mnakumbuka kuwa kulikuwa na jamaa waliokuwa wanachimba Ethereum kwa kadi za grafiki, wanazipanga sita au nane kwenye fremu ya chuma kama kuku wa mayai. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukabadili utaratibu wake, uchimbaji wa kutumia kadi ukafa siku hiyo hiyo, na kadi zikaanza kumwagwa sokoni kama nyanya za msimu. Jamaa mmoja wa Arusha alikuwa nayo GTX 1070, pacha wa ile yangu, anataka sh. 380,000. Mimi nina zile laki tatu za bwana harusi, ambazo nusu yake nishazitafuna kwenye kodi ya chumba. Lakini nilikuwa na fungu jingine. Dada zangu walikuwa wamechanga laki mbili za kuezeka upya banda la ng'ombe la mama kule Kibosho, na wakaniwekea mimi kwa vile ndiye niliye karibu na maduka ya mabati. Ukaribu huo ulinisaidia kupita nje ya maduka hayo nikiwa na kadi mkononi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapochemsha.

Wazo la kuunganisha kadi mbili si la jana. Mwaka 1998, wakati sisi tunagombania gemu za kaseti na kupuliza vumbi kwenye meno yake, kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa kadi iliyoitwa Voodoo2. Ukinunua mbili, unaziunganisha kwa waya, moja inachora mistari ya witiri ya skrini na nyingine mistari ya shufwa. Wakaiita SLI. Na kwa kuwa Voodoo2 haikujua kitu kingine zaidi ya 3D, ulihitaji kadi ya tatu kwa kazi za kawaida. Kadi tatu ili upige gemu! Watu wakalipa, maana uliweza kucheza kwa skrini ya 1024 kwa 768 badala ya 800 kwa 600, na enzi hizo huo ulikuwa ufalme. 3dfx ikafilisika, mali zake zikanunuliwa na Nvidia, na mwaka 2004 Nvidia wakaifufua SLI kwa maana mpya na daraja dogo la kuunganishia kadi juu. Mwaka uliofuata ATI wakajibu na yao, CrossFire. Kwa miaka kama kumi kila mpenda gemu duniani akiota, alikuwa anaota kadi mbili.

Mimi ndoto hiyo ilinikuta nimechelewa. Kadi ilipofika, mazabodi yangu ilikuwa na sloti mbili ndefu, nikatumbukiza, nikafunga daraja, nikawasha. Kazi ya bwana harusi inangoja. Mimi na mshikaji wangu wa Pasua tulifanya nini kwanza? Tukafungua gemu. Usinilaumu.

GTA V ikaenda vizuri kweli, tukapiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akachungulia. Tukafungua gemu la mpira. Wapi! Kadi ya pili imelala, feni yake haizunguki. Tukafungua gemu la tatu, jipya jipya, hilo ndilo likatuchanganya kabisa: namba pembeni inasema fremu 60 kwa sekunde, lakini macho yanaona kitu kinakwamakwama kama Hiace yenye plagi mbovu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye gemu, kadi mbili hupeana zamu: hii inachora fremu ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu, ile ya nne. Ukitoka kwetu mlimani hili utalishika upesi, kwa sababu ndivyo maji ya mfongo yanavyogawiwa. Zamu yako huwezi kufungua mpaka mwenzako afunge. Na gemu za siku hizi zina tabia ya kutazama nyuma, fremu ya pili inaazima vitu vya fremu ya kwanza, vivuli, mwanga, ukungu. Kwa hiyo kadi ya pili inakaa na jembe begani inamsubiri mwenzake. Fremu zinatoka mbili mbili, moja haraka, moja imechelewa. Mashine inazihesabu zote, jicho linashtukia mchezo.

Halafu kuna hili la memori, ambalo jamaa wa Arusha alinipigia debe sana. "Una 8, ukiongeza 8, unakuwa na 16!" Uongo mtakatifu. Kwenye gemu kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vyote, sawa na wanafunzi wawili wa darasa moja wenye madaftari mawili yenye notisi zile zile. Ukiwaunganisha hujapata notisi mpya hata mstari. Kadi mbili za GB 8 ni GB 8, basi.

Na wenye mali wenyewe walishaondoka. Programu ya DirectX 12 ilipokuja mwaka 2015, mzigo wa kuzifanya kadi mbili zielewane uliangukia zaidi kwa watengeneza gemu, na wengi wao wakaona ya nini kuhangaika kwa ajili ya wateja wachache. Nvidia wakaacha kuandaa mipangilio mipya ya SLI kuanzia 1 Januari 2021. Kadi ya mwisho ya watu wa kawaida kuwekewa sehemu ya daraja ni RTX 3090 Ti ya mwaka 2022. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 daraja halimo. Mimi mwaka 2023 nanunua kadi ya pili, najiona mjanja wa mji.

Nikahamia kwenye kazi. Mikanda naikatia kwenye DaVinci Resolve, ile ya bure. Kumbe ile ya bure kwenye Windows inatumia kadi moja tu! Ukitaka zaidi ya moja, nunua Studio. Jasho likanitoka. Nikaziona sura za dada zangu, mmoja mmoja, na ya mwisho ikawa ya yule mkubwa ambaye huwa hasemi, anapiga simu kwa mama.

Nikafungua Blender kwa mikono inayotetemeka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta majina mawili yamepangana: GTX 1070, GTX 1070. Nikaweka tiki zote mbili.

Msomaji wangu, fremu ya dakika 4 ikatoka kwa dakika 2 na sekunde chache.

Hapa hakuna zamu ya kugombania. Kila fremu ya Blender ni kihamba kinachojitegemea, na hata ndani ya fremu moja kazi inakatwa, kadi hizi hazisubiriani. Daraja halihitajiki, nililitoa nikaliweka mezani, na lipo hadi leo nafungulia soda. Kadi zenyewe si lazima ziwe pacha. Ya zamani na mpya zinaweza kupiga mzigo pamoja, kila moja kwa nguvu zake. Jambo moja tu halibadiliki: mandhari yako lazima iingie kwenye memori ya kila kadi, kwa hiyo yenye memori ndogo ndiyo inayoweka kikomo.

Na hesabu ya umeme ilinishangaza kuliko yote. Nilidhani kadi mbili zitamaliza LUKU. GTX 1070 moja hula kama wati 150, na mashine iliyobaki, pamoja na skrini, tuseme wati 150 nyingine. Kwa kadi moja, wati 300 kwa saa 50, uniti 15. Kwa kadi mbili, wati 450 kwa saa 25, uniti 11 na kidogo. Umeona? Kadi mbili zilikula pungufu, maana mashine nzima imekesha nusu ya muda. Kwa sisi tusio kwenye lile kundi la uniti 75 kwa mwezi, uniti ni sh. 350 na ushee, kwa hiyo niliokoa kama bei ya chipsi kavu. Si haba.

Jumatano saa mbili usiku nikaanza. Ilikuwa Februari. Wanaoijua Moshi ya Februari wamenielewa, na wasioijua waje walale chumba changu. Kadi zangu zinapuliza joto ndani ya kesi, si nje, na zimekaa moja juu ya nyingine. Ya chini inapumua, ya juu inavuta pumzi ile ile ya moto. Kufika usiku wa manane ya juu imegonga nyuzi 83, na aina hii ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe kuogopa kuungua. Dakika mbili zikawa mbili na nusu, zikawa tatu. Nikafungua mfuniko wa kesi, nikaweka feni ya mezani mbele yake. Mimi ndiye niliyekosa feni, mashine haikupoa. Alfajiri nina fremu kama 200 tu na harusi ni keshokutwa.

Nikatazama dirishani. Mlima umejifungua mweupe, baridi yote ile imekaa tu kule juu haina kazi. Nikajisemea, kwa nini nisiifuate?

Hiace ya Kibosho ya asubuhi nikapanda na kesi ya kompyuta mapajani, skrini nimeifunga kwenye kanga, stabilaiza miguuni. Konda akanitoza siti mbili. Nikamwambia bila kubishana, kaka, kadi zenyewe ni mbili, haki yako.

Mama alinipokea kwa furaha, akitazama nyuma yangu kama kuna gari la mzigo linakuja.

"Karibu baba. Mabati yako wapi?"

Nikamwonyesha kompyuta.

"Ndiyo hayo?"

"Mama, hii itazaa mabati."

"Yesu na Maria! Dada zako wanajua?"

Sikujibu. Nikatafuta soketi. Banda la ng'ombe liko hatua kumi toka dirishani, na lile bati la kona niliahidi kulibadilisha tangu masika ya mwaka wa nyuma. Ng'ombe alikuwa ananitazama. Naapa alikuwa anajua.

Lakini baridi ilifanya kazi yake. Kule juu hata Februari, jua likizama unatafuta sweta. Kadi ya juu ikashuka hadi nyuzi 71, fremu zikarudi dakika mbili, mimi nikakaa na uji wangu najiona profesa. Mama akaja kuhakiki, akaweka kiganja nyuma ya kesi, akakirudisha haraka, akaweka tena. Akaondoka bila kusema neno. Baada ya dakika tano akarudi na boksi la vifaranga kumi na wawili, akaliweka pale hewa ya moto inapotokea, akalifunika na gunia nusu. Vifaranga vikanyamaza papo hapo, vimelala.

Saa moja jioni ngoma ikageuka. Kila nyumba imewasha taa, redio na pasi za umeme kwa mkupuo, na sisi tuko mwisho wa laini. Umeme ukalegea, stabilaiza ikaanza kulia ka-ka-ka, pawa saplai yangu ya bei poa ikazima. Kimya. Vifaranga vikaamka na kuanza kudai haki zao. (Huu ni ugonjwa wa kanda nzima, si wa kijijini kwetu tu. Machi 2025 Rais Samia alipokuwa Mwanga alieleza kuwa umeme unapotea mwingi njiani kabla ya kufika kaskazini, ndiyo sababu ya mpango wa kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Ila usiku ule hilo lisingenisaidia kitu.)

Viliniokoa vitu viwili, na hivi naomba uvishike. Kwanza, nilikuwa sihifadhi kazi kama video moja ndefu. Kila fremu inatoka kama picha yake, ina namba yake. Umeme ukikatika unapoteza fremu iliyokuwa jikoni tu, ukiwasha unaendelea na namba inayofuata. Ningehifadhi kama video, ningelia. Pili, niliporudi niliingia kwenye programu ya kadi nikazipunguzia chakula, kila moja asilimia 70 ya wati zake. Kasi ilishuka kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi, lakini mzigo kwa pawa saplai ukapungua wati tisini nzima. Stabilaiza ikatulia. Kadi nyingi ziko hivyo, zile wati za mwishoni zinaliwa sana na kazi yake haionekani. Ukifunga kadi mbili anza na hilo, kabla hujakimbilia kununua pawa saplai kubwa. Ila pawa saplai ya kweli nunua, usiniige.

Ijumaa saa saba mchana fremu ya 750 ikatoka. Nikateremka mjini, nikaunganisha na muziki, Jumamosi jioni ukumbini taa zikazimwa na kamera ikapanda toka migombani. Ilipotoboa mawingu shangazi mmoja wa meza ya mbele akasimama na kupiga kigelegele kabla ya wakati. Bwana harusi akanilipa baki yangu usiku ule ule, na Jumatatu nikanunua mabati, na misumari yake, kabla sijafika hata kwenye chai.

Kwa hiyo wewe wa Double Road, kabla hujaniuliza tena, niambie kwanza unafanyia nini. Kama ni gemu, uza hiyo uliyonayo, ongeza hela, nunua moja kubwa. Kama ni kuchora 3D, nenda na mbili, ila acha nafasi katikati yake zipumue. Kuna na vijana wa mambo ya akili bandia, hawa wana bahati yao: modeli kubwa inaweza kukatwa, nusu ikakaa kwenye kadi hii na nusu kwenye ile, kwa hiyo kwao 8 na 8 inakaribia kweli kuwa 16. Na ukinunua kadi iliyotoka kwa wachimbaji, isikilize feni zake kabla hujatoa hela. Ya kwangu moja ilianza kukoroma baada ya miezi miwili.

Dada mkubwa alikuja kujua, bila shaka. Mama ndiye aliyemwambia, lakini kwa namna yake. Juzi akanipigia simu, nikajua ni kesi ya mabati inafufuliwa.

"Baba, ile mashine yako ya joto unaileta lini? Kuna kuku mwingine anaatamia."